Gundi ya Chaza wa Kiongoroni

Kiongoroni,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada Zuhra,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Dar, na baridi ya maabara haijakukausha mashavu. Huku kwetu salama. Mama hajambo, mguu wake umetulia. Mimi ndiyo usiulize: Kiongoroni nzima hakuna kijana anayelipita tope la mikoko kama mimi, na wasichana wanalijua hilo.

Najua utacheka kupata barua zama hizi za simu. Lakini mtandao unashika pale bandarini tu, na ukipiga pale nusu ya kijiji inakusikiliza, Mama akiwa wa mbele. Hili sitaki alisikie. Idrisa anapeleka kamba wabichi Kibiti kesho, nitampa barua amkabidhi kondakta wa basi.

Dada, umeniudhi. Ujumbe wako niliusoma mara mbili nikidhani nimekosea. Eti mkuu wako wa maabara amesema gundi ya chaza wetu haishiki, protini yake imekufa, na miaka yote uliyotafuta humo dawa ya kufunga vidonda bila sindano wala uzi imekwenda na maji. Eti Ijumaa inayokuja unasaini kazi ya kuuza vifaa vya hospitali. Yaani wewe, uliyewanyamazisha walimu wa Kibiti kwa maksi, uzunguke na begi ukibembeleza watu wanunue glavu? Niliona aibu mpaka nikamwambia Idrisa kwamba umepandishwa cheo.

Kisha nikaudhika kwa ajili yangu mwenyewe. Chaza anajibandika kwenye mzizi wa mkoko, maji yanajaa, maji yanakupwa, yeye yupo tu, hata panga linahangaika kumbandua. Leo mtu wa kiyoyozi anasema gundi yake haishiki? Nani aliikwangua, tope kiunoni, mbu masikioni? Nani aliijaza kwenye vichupa vyako, akavilaza kwenye deli la barafu kama vichanga? Nikasema huyo mkuu ana lake jambo. Nilikuwa tayari kuja huko na mzizi mzima, ambandue chaza kwa meno.

Nikamweleza Mama. Alilia kwanza, halafu akaghadhibika kunishinda. Akasema wanakusingizia, mzigo uliondoka hapa salama. Unajua maji yakiwa mafu boti haipiti kwenye mkondo, tunangoja, barafu inayeyuka. Hapo mimi huchukua mtumbwi kwenda Salale kuwaomba barafu wanunuzi wa kamba, na deli namwachia yeye. Kumbe huku nyuma, Dada.

“Mbona nilikuwa naipasha moto asubuhi na jioni,” alisema. “Ingechachaje?”

Umenielewa? Kila mzigo. Kama mchuzi wa samaki uliolala. Anatumbukiza vichupa kwenye sufuria, maji yanatokota, anavifuta kwa khanga, anavirudisha kwenye deli. Nami nikirudi natandaza barafu mpya juu yake, najisifu kijiji kizima kwamba mzigo wa Nurdini hauharibiki.

Shule niliikimbia kidato cha pili, lakini ni wewe mwenyewe uliyenieleza kuwa protini ni kama yai, likishaiva halirudi ubichi. Basi daktari mzima leo nakufundisha mimi: gundi yako haijashindwa. Ilipikwa. Tangu mwanzo walikuwa wanapima kitoweo. Usisaini hiyo karatasi, nakuomba. Mwambie mkuu wako akupe muda mpaka bamvua, maji yakijaa vizuri boti zipite. Nitaleta vichupa vingine mwenyewe, na deli sitalipa kisogo hata nikienda msalani.

Ila Mama usimwambie. Nilifungua mdomo nimwambie, nikamwona anavyokutetea, nikaufunga. Kwanza nani ataanza kulaumiwa? Wewe mwenye vyeti ndiye uliyesahau kutuambia visiguse moto, na mimi niliyeambiwa habari ya yai sikuwaza kuwa inahusu jiko letu.

Sasa hivi yupo mlangoni anachambua mchele, kaniuliza kama barua ni ya mchumba. Nimemwambia ni yako. Anakusalimu sana, anasema usikate tamaa mwanangu, mzigo ujao ataupasha hata mara tatu.

Wenzako wa maabara wape salamu zangu, huyo mkuu umruke.

Ni mdogo wako, na mtaalamu mwenzio,
Nurdini