Tomi Hajala Bado

Itigi,
Alhamisi jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo na kwa Mama, ambaye najua utamsomea barua hii kwa sauti huku akipepeta uwele. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili, na Shangazi pia ni mzima. Ila moyo wangu hautulii, ndiyo maana naandika badala ya kusubiri tuongee Jumapili. Simu ni ya Shangazi, na nikiongea nawe yeye huwa amekaa pembeni akichambua mchele. Haya nitakayokuambia sijaweza kuyasema mbele yake.

Baba, Shangazi anataka kumtoa mbwa wetu Tomi. Jumapili asubuhi warina asali watapita kwenda porini, na amewaambia wamchukue. Wao hukaa huko vichakani wiki nyingi, na mwaka jana mbwa wao wawili hawakurudi. Tomi ameshazeeka, jicho la kushoto limeanza kuwa na ukungu. Nikikumbuka siku uliyompandisha kwenye fuso la vitunguu ili aje kukaa nami, ukaniambia, "Huyu ndiye kaka yako huko Itigi," natoka nje kumtazama tena.

Naomba nikueleze tangu mwanzo.

Unajua Shangazi alikuwa akiwapikia wahandisi wa barabara pale kibandani kwake karibu na stesheni. Kazi yao ilipoisha, mmoja akamwachia mtoto wa mbwa wa aina ya Labrador. Rangi yake ni ya biskuti, na jina lake ndilo hilo, Biskuti. Ana miezi minne lakini nyayo zake tayari ni kubwa kama za Tomi. Mkia wake haupumziki. Ameshaangusha nao vikombe viwili. Anapenda maji kuliko bata. Wiki ya kwanza nilimkuta amekaa ndani ya beseni la vyombo, kwenye maji niliyoyafuata tangu alfajiri, ananitazama kama mtu aliyefika kwao. Ameshatafuna kandambili za Shangazi, sabuni ya mche, na daftari langu la Biolojia kuanzia mada ya mmeng'enyo wa chakula.

Shangazi alinikabidhi mimi. "Wewe si msomi? Soma namna ya kumlea." Baba, unanijua. Niliazima kijitabu cha ufugaji maktaba ya shule, nikaandika ratiba, nikaibandika ukutani. Kijitabu kilisema mtoto wa mbwa ale mara tatu kwa siku. Basi Biskuti akawa anapata uji wa mtama na dagaa kabla sijaenda shule, tena nikirudi, tena jioni. Tomi hakuwemo kwenye kijitabu. Aliendelea kula mara moja tu, jioni, makombo ya kibandani. Na kwa kuwa sahani ya mbwa ni moja, ile ya bati aliyokuja nayo Tomi kutoka nyumbani, nilimpakulia Biskuti humo kwanza. Akishiba, namwita Tomi amalizie.

Nilikuwa namwona Tomi amekaa mbali akiangalia. Nilidhani ni subira.

Jumamosi iliyopita niliweka sahani chini, Biskuti akaikimbilia, na Tomi akaja bila sauti yoyote. Kabla sijainuka alikuwa amemkamata sikio. Damu iliruka mpaka kwenye sketi yangu. Shangazi akatoka na mwiko mkononi.

"Amemfanya nini mtoto?"

"Amemng'ata, Shangazi."

"Leo mbwa mwenzake, kesho mtoto wa Mama Zuhura! Hapana. Huyu ataondoka."

Nilipaswa kusema jambo palepale. Nilisema, "Ndiyo, Shangazi."

Jumatatu nilikuwa namwosha Biskuti kidonda kwa maji ya chumvi. Jirani yetu, huyo Mama Zuhura, akaniita kutoka upande wa pili wa uzio wa minyaa.

"Wewe Rehema. Mimi mbwa simgusi, mimi na wao tunaheshimiana kwa mbali. Lakini macho hayajakatazwa kuvuka minyaa. Nikuulize?"

"Niulize, Mama Zuhura."

"Mpaka fundi baiskeli aliyekuzidi mwaka mmoja unampa shikamoo. Sasa huyo mzee wa watu, mwenyeji, unampita na chakula mara tatu kwa siku unampa mtoto, tena mgeni, tena kwenye sahani yake! Ungekuwa wewe?"

"Lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu kimemwona Tomi?"

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Baba, nyumbani kwetu Bibi hupakuliwa kwanza, kisha wewe, na mtoto akinyoosha mkono mapema anapigwa kijiko. Haya nayajua tangu sijui kusoma. Na mimi ndiye niliyemfundisha Biskuti kunyoosha mkono.

Tangu siku hiyo Tomi anakula kwanza, kwenye sahani yake. Biskuti namfunga kamba mlangoni mpaka mwenzake aanze, ndipo namwekea chake kwenye kifuniko cha ndoo. Siku ya kwanza Tomi hakula. Aliitazama sahani, akanitazama mimi. Siku ya pili alikula. Hajamng'ata tena, lakini bado ananguruma, na siku nne si ushahidi. Shangazi hajaona lolote kwa sababu akirudi kutoka kibandani huingia moja kwa moja ndani kupumzisha miguu. Nimesimama mlangoni pa jiko mara tatu ili nimwambie kwamba kosa ni langu. Mara ya mwisho niliishia kumuuliza kama chumvi imekolea.

Nilitaka kukuomba umpigie simu, wewe ni kaka yake, atakusikia. Lakini nimeisoma tena barua hii nikaona aibu. Kosa nifanye mimi, halafu mdomo uwe wako? Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shule, nitaiacha barua hii mezani chini ya kikombe cha Shangazi bila kuifunga, aisome.

Jumapili mchana.

Baba, Shangazi ameisoma. Ijumaa jioni alinikuta nakoroga uji, barua ameifunga kwenye ncha ya kanga.

"Kumbe unaweza kuongea hivi?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Umeandika Tomi alikuwa anakula mwisho. Na mimi je? Mwezi mzima narudi miguu inawaka moto, nakukuta unamkorogea mbwa uji, najipakulia mwenyewe. Hilo mbona hukuliandika?"

Nikaacha mwiko, nikachukua sahani yake nimpakulie. Ndipo akacheka. "Mwambie baba yako hata mimi nilikuwa karibu kumng'ata huyo Biskuti."

Lakini kuhusu Tomi alisema tu, "Tutaona Jumapili."

Leo asubuhi warina asali walifika, mmoja ana kamba. Alipiga mluzi na Tomi akainuka, akamfuata mpaka langoni. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya Shangazi, maana sasa nampakulia yeye kwanza, ndipo Tomi. Shangazi aliitazama ile sahani, akamtazama mwenye kamba.

"Mzee huyu hajala bado," akasema. "Nyie nendeni."

Wakaenda. Tomi akalala palepale langoni. Biskuti naye akaenda kujilaza karibu na mkia wake. Tomi alinguruma, lakini hakuhama.

Shangazi ameniambia Tomi akimng'ata Biskuti tena, yeye hatasoma barua nyingine. Kwa hiyo hofu bado ninayo, na kesho darasani nitakuwa nasikiliza kwa sikio moja. Niombeeni.

Nisalimie Bibi, umwambie miwani yake nitaulizia nikija likizo. Msalimie mdogo wangu Joeli, asipande tena mgongoni mwa ndama. Msalimie pia mwalimu wa kwaya aliyenipa kamusi.

Naishia hapa. Nimeshapakua cha Shangazi, cha Tomi, kisha cha Biskuti. Changu kinapoa.

Mwanao akupendaye,
Rehema