Upepo Ulipoamka Misigiri

Shikamoo Mama,

Usishangae picha hii ya mji wa Mfalme kule ng'ambo, Wazungu na miavuli yao. Dukani kwa Mhindi hapa Misigiri hapakuwa na kadi nyingine, nami nimeipenda kwa ajili ya mvua.

Jana mshenga alinipeleka kwa kina Maria kumposa. Kwetu Bukoba kila jambo la nje husubiri mvua ikatike; huku wanasubiri upepo uanze. Baba yake ndiyo kwanza anafungua kinywa atujibu, vumbi likainuka uani. Basi! Wazee, mshenga, hata bibi yake Maria, wote wakakimbilia uwanjani kupepeta mtama, maana upepo ulikuwa umewanyima siku nyingi. Nikabaki peke yangu na kanzu yangu nyeupe.

Ningefanyaje? Nikachukua ungo, nikawafuata. Kumbe nimesimama upande upepo unakoelekea, makapi yote yakanimwagikia. Maria alicheka mpaka akakaa chini.

"Mkwe wetu, fumba macho!" bibi akapiga kelele. Mama, jibu nililipata hapo, kabla mwenye nyumba hajarudi kwenye kigoda chake.

Lakini macho nilikuwa nimeshayafumba. Mtama ukimwagika juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa chini unalia sawasawa na mvua kwenye migomba yetu, ile ya asubuhi ulipokuwa ukiniambia, "Lala tu mwanangu, leo hakuna kwenda shamba."

Ikinyesha, Mama, isikilize pia kwa niaba yangu.

Mwanao akupendaye,
Petro