Kwa Aliyepata Mahali

Mpendwa mchumba wangu wa zamani,

Hilo "mpendwa" ni adabu ya barua tu, usilipeleke moyoni. Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Niliusikiliza hapa Lurambi nikimenya viazi, kisha nikaupandisha sauti ili dada yangu naye acheke. Unasema fuwele zimekataa. Eti kila ukichanganya chuma na salfa katika maabara hiyo ya ng'ambo, yenye kila kitu, unaambulia tope la rangi ya kutu. Eti profesa wako ameanza kukutazama vibaya, na muhula ukiisha bila fuwele atakurudisha kwenu. Basi baada ya miaka ya kimya ukanikumbuka: "Nisaidie hatua moja tu, ile ya kutia sarufa."

Sarufa. Umevuka bahari na ulimi bado uko Khayega.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwalimu wetu pale chuoni mjini Kakamega alitoa kazi ambayo wenzetu waliikimbia: tutengeneze maabarani mfano wa vile vipande vidogo vya chuma na salfa vilivyomo ndani ya bakteria wa mizizi ya maharagwe, vinavyosaidia maharagwe kulisha udongo. Mimi, mtoto wa mkulima wa Bukura, niliona hiyo ni kazi yangu kabla hata hajamaliza kueleza. Wewe uliona tu kwamba nimeitaka, ukasema twende wawili. Chuma na salfa vinashikana kwa zamu, pembe kwa pembe, mpaka vinafanya kisanduku kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Adui yake ni hewa. Hewa ikipenya kidogo tu, kazi yote inageuka kutu. Ndiyo maana chupa zilikaa zimezibwa, naitrojeni ikipita ndani, na mimi nikiwa nimeinama juu yake tangu asubuhi mpaka mgongo ukatae kunyooka.

Na ule uvundo, je? Thioli, ile dawa ya salfa tuliyoihitaji, inanuka kitunguu kilichooza kilichokutana na yai viza. Wewe ulikuwa na kifua, ulisema. Kwa hiyo kila nilipofungua chupa ile ulikuwa nje barazani, unaandika yale niliyokupigia kelele kupitia dirishani. Uvundo ulikaa kwenye nywele zangu, kwenye sweta, mpaka ndani ya Biblia. Mwenye nyumba aliwaambia wapangaji kwamba nimeficha panya mfu chini ya kitanda. Kanisani benchi langu halikukosa nafasi hata siku ya Krismasi. Ni wewe tu uliyekaa karibu nami. Siku moja tukila mahindi ya kuchoma nje ya lango la chuo, uliniambia polepole, "Mimi harufu yako siisikii tena."

Nililia, mjinga mimi. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Kumbe ni pua tu iliyochoka. Iweke karibu na salfa muda mrefu na itaacha kusikia. Jambo hilo tulifundishwa wote wawili darasa moja.

Kisha fuwele zikatokea, nyeusi, zinang'aa kama jicho la ndama. Uliingia umeziba pua kwa leso, ukazipiga picha. Ukaomba mrija mmoja wa kioo wenye fuwele ndani, ule niliouziba kwa moto, ukauweke uwe kumbukumbu yetu. Nikakupa. Ningemnyima vipi mtu aliyekwisha kuja nyumbani kujitambulisha?

Wakati huo wazee wako walikuwa wanatuzungusha na mambo ya mahari. Leo ng'ombe anaumwa, kesho baba mdogo amesafiri. Kila ulipokuja ilikuwa wimbo ule ule. Basi siku uliyonipigia simu nikiwa kwa mama Bukura, tunapepeta maharagwe, ukasema, "Nimepata mahari. Wamekubali. Jumamosi nakuja niwaambie mwenyewe," ulitaka nisikie nini? Sisi sote huku l na r tunazichanganya, lakini wewe ulizidi. Baridi ilikuwa balidi, habari ilikuwa habali, na mimi nilikuwa nimezoea kukunyoosha kichwani bila kufikiri. Neno hilo moja sikulinyoosha. Lilikuwa limekuja vile vile nilivyolitaka.

Mama alichinja jogoo. Viti vikaazimwa kanisani, shangazi zangu wakaja mapema kusonga obusuma, ugali wetu, na mimi nikajisugua kwa limau mpaka ngozi ikawaka. Ukafika na bodaboda, peke yako, na begi mgongoni. Shangazi mkubwa akachungulia barabarani, akakuuliza kama wazee wako nyuma. Ukauliza wazee gani.

Ndipo ukaeleza. Umepata mahali, yaani nafasi ng'ambo ya kusomea udaktari wa kemia. Wamekubali maombi yako. Mwezi ujao unaondoka. Shangazi akakwambia kwamba kwenye simu ulisema mahari. Nawe ukamjibu, mbele ya watu wazima, kwa uso wa mtu anayeonewa, "Nilisema mahari. Sikusema mahari."

Hakuna aliyecheka isipokuwa wewe. Ukaona haitoshi, ukawageukia wajomba zangu ukawapa sababu ya wazungu kukuchagua: ni kwa ajili ya fuwele ulizotengeneza kwa mkono wako. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia. Nilikutazama, nawe ukakitazama kikombe chako. Nilingoja useme jina langu, hata mwishoni, hata kwa kupitia tu. Ukaomba sukari.

Mama ndiye aliyetutoa pale. "Kuku ashaiva," alisema. "Mtu hafukuzwangi na njaa." Akakupakulia, na kwa kuwa alikwisha kupanga sahani zake, firigisi ikaja kwako, ile ambayo kwetu hupewa mwanamume wa heshima. Siku ile ilikuwa ya mkwe. Ungeweza kuirudisha. Kila mtoto wa Kiluhya anajua firigisi ni ya nani na kwa nini. Uliila yote, ukajifuta midomo, ukamwambia mama kwamba imepungukiwa na chumvi.

Hiyo firigisi inaniuma kuliko fuwele. Fuwele nilijua nitatengeneza nyingine. Lakini mama alikuwa ameshona kitenge kipya kwa ajili ya siku ile, na wiki iliyofuata nilimkuta anakikata matambara ya kupangusia meza. Tangu siku hiyo nikuombee mema? Thubutu.

Mimi sijambo, kama ulikuwa unataka kujua. Ninafundisha, ninanuka, na fuwele zangu zinaota. Sasa unataka hatua ile moja. Wewe huulizi kwa sababu umesahau, unauliza kwa sababu hukuwepo. Ndiyo iliyokuwa na uvundo kuliko zote, na siku zile hata barazani hukukaa, ulivuka mpaka kantini. Ukarudi ukaandika ulichodhani nimefanya. Sasa unapika dhana zako na kushangaa haziivi.

Nitasema wazi: niliposikia unalia kwenye ujumbe huo nilifurahi. Nililala vizuri. Anayenisikitisha ni mama yako. Bado anauza ndizi Khayega, bado ananiita mkamwana, na mimi sina roho ya kumrekebisha. Anawatangazia wateja kwamba mwanawe atakuwa daktari, nao wanamuuliza atatibu miguu au macho. Juzi nilinunua kwake kichana kizima nikitaka kumweleza kwamba fuwele zimekataa, nikaondoka na ndizi tu. Habari hiyo utampa wewe mwenyewe, na safari hii jaribu kutamka.

La mwisho. Profesa wako aliniandikia kabla yako. Alimuuliza mwalimu wetu ni nani hasa aliyetengeneza zile fuwele za kwanza, naye akampa jina langu. Nimemtumia kazi yote, na hatua unayoililia imo. Kwa hiyo usihofu, fuwele utaziona kwa macho yako hapo hapo maabarani, na utaambiwa ni za nani. Jana akaniandikia tena. Ni mama mwenye adabu sana. Anasema hajaamua bado, ila kabla hajaamua anapenda kujua kama nina neno lolote la kukutetea. Nimelitafuta tangu asubuhi, kwa haki kabisa. Nimefua nikilitafuta, nimepika nikilitafuta, nimefikia hata kukumbuka siku za mahindi ya kuchoma. Sasa hivi nimemjibu kwamba sina.

Karibu nyumbani,

Aliyekuwa mchumba wako,
Lurambi