Mkono Nyuma ya Magunia

Kwa Bibi Fransiska,
Kasense,
S.L.P. 41,
Sumbawanga.
19 Agosti, 1976

Mpendwa Kaka Zenon,

Shikamoo. Ungekuwa hapa uani kwa Bibi ningechuchumaa nikakupigia makofi ya salamu kama tulivyofunzwa, lakini karatasi haina viganja, kwa hiyo pokea hiyo shikamoo. U hali gani huko Korogwe? Kifua kimepona, au vumbi la mkonge bado linakusumbua? Bibi hukutaja wewe wa kwanza katika sala ya jioni, hata kabla ya marehemu wake.

Huku baridi imetubana. Upepo wa uwanda huu unaujua mwenyewe, hauulizi mtu ana blanketi au hana. Ulezi umeshavunwa, mahindi yamo ghalani, na Bibi anatembea bila fimbo. Ningependa kuandika kwamba sote hatujambo, ila nitakuwa nimeianza barua hii kwa uongo, na uongo nimeuchoka.

Nakuandikia juu ya mkono wa mdogo wako Eustace. Ulipata barua ya shule iliyosema kwamba siku ya Saba Saba alijiingiza mwenyewe kwenye mashine kwa utundu, akapoteza mkono wa kulia. Chini ya barua ile kuna sahihi tatu. Ya tatu ni yangu mimi, Modesti, mtoto wa mama yako mdogo, mwenyekiti wa wanafunzi. Barua ile haikusema kweli. Nakuomba uketi uisome hii mpaka mwisho kabla hujaichana.

Unanijua toka utotoni, kazi yangu ni mdomo. Nilipochaguliwa mwenyekiti nikaanzisha Chama cha Sayansi na Mitambo, nikazunguka shule za msingi kuanzia hapa Kasense mpaka Laela. Niliwapeleka watoto kwenye malungu, yale matanuri ya kale ya udongo yaliyobaki mashambani, nikawaambia kwamba babu zetu waliyeyusha chuma wenyewe na kufua majembe yao, na sisi wajukuu tunakaa barabarani kusubiri jembe lije kwa lori. Niliwaambia hesabu si adhabu, na mashine si mali ya Wazungu. Walinisikia, Kaka. Tulipata wanachama arobaini na mmoja, na kumi na wawili kati yao walikuwa wasichana. Walimu wakanisifu, wazee wa kijiji wakanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililitia.

Mimi nilikuwa wa kusema, Eustace wa kutenda. Ndiye aliyebuni mashine yetu ya kupukuchua mahindi. Mwenzetu Urbano alikaa kwenye fremu ya baiskeli kuukuu akikanyaga pedali, na mnyororo ukazungusha gogo lenye misumari. Lakini ajabu yake ilikuwa ule mkono wa bati na mbao. Uliinama wenyewe sandukuni, ukachukua hindi, ukalitia kwenye kinywa cha mashine, ukarudi kuchukua jingine, pasipo mtu kuugusa. Tuliita mashine ile Ndugu Chuma. Eustace aliutengeneza mkono ule kwa sababu moja tu, nayo aliirudia kila siku, kwamba mkono wa mtu usikaribie misumari.

Miezi mitano alihangaika nao. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Ndimyake, yule mtu wa Mbeya mwenye maneno machache, alikwisha mwombea nafasi ya kusomea ufundi mwakani. Jina lake lilikuwa limeshapita.

Jioni ya kuamkia Saba Saba springi ya ule mkono ilikatika. Tulikuwa tumeitoa kwenye kiti cha gari bovu, na nyingine kama ile haikupatikana mjini kote. Nilikuwa nimekwisha watangazia watu wa vijiji vitatu kwamba wataona mashine inayojilisha yenyewe, na mgeni rasmi alikuwa anatoka mkoani. Mwalimu Ndimyake aliiangalia ile springi, akasema, "Ikikatika, unaandika kwamba imekatika. Hiyo ndiyo sayansi. Kesho waonyesheni mkono uliolala, muwaeleze kwa nini umelala." Akaenda zake kulala.

Nami nikamwona mwoga. Asubuhi na mapema nilitafuta magunia, nikayatundika nyuma ya mashine kama pazia, nikamwambia Eustace achuchumae humo ndani asukume mahindi kwa mkono wake. Ule wa bati tungeufunga kamba, ucheze tu mbele za watu. Hakusema neno, akaingia. Kulikuwa na baridi kali, nikamvalisha sweta langu.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Nilisimama kwenye kiti nikahutubia, nikawaambia vijana wa Ufipa kwamba siku za kupukuchua kwa vidole zimekwisha. Mgeni rasmi alicheka kwa furaha, akauliza kama Ndugu Chuma anaweza kwenda mbio zaidi. Nilijua nani yumo nyuma ya magunia. Nilijua, na bado nikamgeukia Urbano nikamwambia, "Ongeza."

Akaongeza. Sweta langu lilikuwa refu mikono. Misumari ililidaka, ikalivuta na mkono ukiwa ndani. Eustace alipiga kelele, lakini watu walikuwa wanapiga makofi, mamia ya watu, na wale wa mbele walidhani ni mlio wa mashine, wakazidi kupiga. Mimi nami nilikuwa napiga. Urbano ndiye aliyeona damu kwenye mahindi, akaruka chini. Makofi hayakukoma mara moja, yalikufa kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma.

Hospitalini mjini waliukata mkono wa Eustace kwenye kifundo cha kiganja. Nilikaa kwenye benchi nje, na tangu siku hiyo siwezi kuvumilia harufu ya dawa ile ya kusafishia vidonda.

Siku ya tatu niliitwa ofisini, mbele ya mkuu wa shule na msaidizi wake. Kulikuwa na karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Waliniambia kwamba taarifa ikieleza habari ya magunia, mgeni rasmi ataonekana amedanganywa, shule itaaibika, na chama cha sayansi kitafutwa na watoto wote niliowahamasisha wataumia. Walijua pa kunishika. Mwalimu Ndimyake alikataa kutia sahihi, sasa yuko nyumbani anasubiri barua ya uhamisho. Mimi nikatia. Nilijiambia naokoa sayansi Ufipa, maneno makubwa kama kawaida yangu, kumbe najiokoa mimi. Na chama chenyewe kimekufa vilevile. Wazazi wamewatoa watoto wao, wanasema mashine yetu inakula watu. Wale wasichana kumi na wawili hakubaki hata mmoja.

Kisha ikaja barua yako. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo aliniita mimi, kama kawaida. Eustace alikuwa ameketi karibu na moto. Nilisoma kwa sauti uliyomwandikia, kwamba umevunja mgongo kwenye mkonge ili yeye asome, na kwamba mtu anayechezea mkono wake asitegemee mkono wa nduguye. Nilitegemea atanitazama, au atasema. Alisukuma ukuni ndani kwa mguu. Bibi akalia. Nami nikaikunja barua yako vizuri, nikaenda kuoga mtoni kwenye maji ya baridi, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Jumatatu tarehe 23 bodi ya shule inakaa kumjadili. Wanataka kumfukuza kwa utovu wa nidhamu, na akifukuzwa nafasi ya ufundi imekwenda. Nimeandika maelezo yangu kurasa nne, nitayapeleka kwa mkono wangu, na Urbano atasimama nami. Springi ilikatika, ndivyo nilivyoanza. Huenda watanifukuza mimi, na hiyo ni haki. Huenda watatufukuza wote wawili, maana kuna mmoja aliyekwisha sema kwamba mtu wa mkono mmoja hana la kufanya kwenye ufundi. Sikufichi, tumaini langu ni dogo. Lakini neno la kaka mkubwa, hata kwa simu ya maandishi, likifika mezani kwao halitapuuzwa. Barua hii naituma kesho kwa basi la Tunduma, sijui kama itakufikia kwa wakati. Ikikuta siku zimepita, basi mwandikie Eustace mwenyewe. Hilo halina tarehe.

Mimi usiniandikie kama huwezi. Najua kinyongo chako ni cha haki. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nitamlea mpaka nizeeke.

Nilipofika hapa katika kuandika nilimsomea Eustace barua hii yote, maana sitaki tena kuandika jambo juu yake asilolijua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeandika kwamba sikusema neno. Nilikwambia hapana, Modesti. Mara mbili. Ukaniambia nisiwe mwoga kama Mwalimu."

Ni kweli, Kaka. Aliniambia hapana mara mbili. Sikuifuta ile sentensi ya juu, nimeiacha uione, ujue kwamba hata nilipokaa kusema kweli bado mkono wangu ulitafuta pa kujificha.

Bibi Fransiska anakusalimu sana, anauliza kama utakuja Krismasi. Mjomba Adolfu na Shangazi Zita nao wanakusalimu, na Urbano, ambaye bado hajapanda baiskeli. Wasalimie Wafipa wote wa kambi yenu.

Eustace naye anakuamkia. Siku aliyotoka hospitalini alichuchumaa mbele ya Bibi kumsalimu, akainua mikono apige makofi, ndipo akakumbuka. Bibi akanyoosha kiganja chake, wakayapiga pamoja, kimoja cha mjukuu na kimoja cha bibi. Ndivyo wanavyofanya kila asubuhi sasa. Changu niliwahi kukinyoosha mara moja, akakiangalia, akaenda kufungua kuku. Ukija, Kaka, usianze na maneno. Mpe kiganja chako.

Mungu akulinde mikono yako yote miwili katika mashine za huko, na akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata kama hutaki,

Modesti