Jezi za Kanisa

Jumatatu, 3 Mei 1948

Bwana Crandall, mwalimu mkuu wetu, kanitambulisha tena kwa wageni. Mwanamke mweusi wa kwanza wa jimbo hili kuchaguliwa timu ya taifa ya riadha! Makofi. Wageni wakatazama miguu yangu, kisha wakaenda zao kula. Mimi nimekula mkate wa mahindi na maziwa mgando, chumbani, peke yangu kama kawaida.

Lakini Verlene, mwanafunzi wangu! Leo kwenye mbio za kupokezana kapokea kijiti akawaacha wenzake kama wamesimama. Jumamosi, kwenye mashindano ya shule zetu za weusi mjini Macon, watamwona. Sijafurahi hivi tangu niache kukimbia.

Jumatano, 5 Mei

Jezi zimekuja. Nne, nyeupe, jina la kanisa limetariziwa kifuani. Dada Maddox, mwenyekiti wa akina mama walioshona, kazileta mwenyewe. Kaziweka mezani, mkono juu yake. Eti mama yake Verlene anauza gongo, na jina la kanisa halivaliwi na mtoto wa nyumba ile.

Nikamwambia mtoto hauzi gongo.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, Mwalimu. Mpe Corliss hiyo nafasi, au narudi nazo."

Corliss ni mjukuu wake. Anakimbia kama anayetafuta kiatu kilichopotea.

Alhamisi, 6 Mei

Bwana Crandall hataki ugomvi. Jezi za kanisa, basi la kanisa. Nikamuuliza kama amesahau mimi nilifanywa nini. Akasema ndiyo maana anajua nitaelewa.

Walimu wenzangu wamekwenda kucheza karata. Hawanialiki siku hizi, nimekataa mara nyingi mno. Leo ningekwenda. Sina mtu wa kumwambia.

Ijumaa, 7 Mei

Nimemwambia Verlene. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, hakuyahitaji. Kavua viatu vya mbio, kavifuta udongo, kanirudishia.

"Sawa, Mwalimu. Asante kwa kunifundisha."

Asante — ndivyo nilivyomwambia kocha wetu wa timu ya taifa, hotelini kabla ya mbio, aliposema msichana wa kizungu atakimbia mahali pangu. Akanipigapiga begani. Alifurahi kwamba sina makuu.

Na leo nimeutazama mkono wangu. Ulikuwa begani kwa Verlene.

Jumamosi, 8 Mei, asubuhi

Naandika jikoni kwa mama yake Verlene. Nimekuja na viatu vyake vya mbio, na fulana yangu ya zamani isiyo na jina la mtu. Dada Maddox bado hajui. Corliss kashavaa jezi tangu alfajiri, nimempita barabarani, maskini, anapasha misuli.

Mama mtu kanifungulia, hakunikaribisha kiti. Nimekaa mwenyewe. Wala hakupandisha sauti.

"Umekuja kumchukua, au umekuja kuomba radhi? Maana radhi nyumba hii tunazo nyingi."

Kaenda kumwamsha. Honi ya basi inasikika kutoka kanisani. Nimeviweka viatu mezani, fulana juu yake, na mlango wa chumbani unafunguliwa.