Atakayekupokea Begi Stesheni

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine juu yake ya kufidia miezi yote niliyonyamaza. Mimi huku mzima, ukiacha mkono wa kulia ambao umevimba kidogo, nitaeleza. Natumaini kifua hakikusumbui tena na watoto wameacha kugombania kitanda cha dirishani. Ile simu iliyokatika Jumapili kabla hujamaliza kusema haloo haikuwa shida ya mtandao. Nilisikia sauti yako nikashindwa, ndiyo maana naandika.

Ujumbe wako nimeupata wote. Umeuliza namna ya kusafiri kwa pesa kidogo, namna ya kutotapeliwa ukifika, na kwa nini simu ya Shemeji haipatikani wiki hizi. Nitakujibu yote matatu. La Shemeji naliweka mwisho kwa makusudi, maana ukilisoma hilo kwanza haya mengine hutayasoma, na haya mengine yanakuhusu wewe na watoto. Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia chini. Safari hii nakuomba, anzia juu.

Tiketi ya basi la kutoka uwanja wa ndege kata dirishani, hata kama foleni inazunguka nguzo. Kuna vijana watakuita pembeni wakuuzie kwa nusu bei. Tiketi zao ni za kweli kabisa, ila zimeshatumika. Nilikuwa ndani ya basi siku fundi mwashi mmoja aliposhushwa kwa sababu hiyo. Alirudi kumdai aliyemuuzia, tukiwa bado tumesimama, akapigwa chupa ya kichwa mbele ya madirisha yetu. Alikaa chini akishikilia sikio lisidondoke, na watu wakawa wanamkwepa wasichafue viatu. Basi letu likaondoka. Alichookoa kwenye nauli alikilipa kwa daktari, na basi jingine ilibidi akate vilevile.

Pesa badilisha ndani, kwenye kaunta yenye kioo, na wakikukata wakukate. Nje utakutana na mtu mpole atakayekuhesabia noti mbele ya macho yako, kisha azikunje akupe, na ukifika kona utakuta noti moja juu na karatasi tupu ndani. Ukifika hapo, Dada, usirudi. Tafadhali usirudi. Lile jino langu nililokuambia nilianguka bafuni, sikuanguka bafuni wala sebuleni. Nilirudi. Yule mpole alinishika kola akanigonga uso kwenye shata, ule mlango wa bati wa duka, mpaka shata ikabonyea, na mwenye duka akatoka kunidai mimi gharama ya shata. Huku kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kweli, kwa mfuko wa mgeni.

Teksi elewana nayo bei kabla ya kuingia, na begi usikubali liwekwe nyuma, liweke mapajani hata likikubana pumzi. Watoto waingie mwisho na washuke kwanza. Mama mmoja aliyelala hapa kwetu alishuka kwanza yeye kwenda kuuliza njia, dereva akawasha gari na mtoto bado yuko ndani. Alikimbia ameshika kitasa mpaka goti likachanika likaonyesha mfupa. Mtoto alitupwa nje mtaa wa pili, mzima, lakini hakusema neno kwa siku kadhaa. Nilikwenda kubadilisha mashuka ya chumba chao mimi mwenyewe, nikakuta mama amelala amejifunga na mwanawe kwa kanga kiunoni.

Askari wa kweli hakuhesabii pesa barabarani. Akikwambia toa pochi nikague noti bandia, sema unataka kukaguliwa kituoni, na uanze kutembea kuelekea penye watu. Chumba usikilipie kwa kuona picha tu. Njoo hapa nyumba ya wageni ninapofua. Vyumba vinanuka sabuni na jirani zako watakohoa, lakini mlango unafungwa na mwenye nyumba hana mkono mrefu.

Sasa kuna hili moja ambalo sikulijua mpaka juzijuzi, na ndilo kubwa.

Aliletwa hapa kwetu mzee mmoja tunayemwita Fundi Saa, maana ametengeneza saa tangu ujana wake. Alikuja kumwona binti yake aliyejifungua. Mfagiaji wa stesheni ndiye aliyemleta, akiwa hana begi, hana viatu, na vidole vya mkono wa kulia vimepinda upande ambao vidole havipindi. Daktari alivirudisha mbele yangu huku mimi nimemshika mabega. Mzee hakupiga kelele, aliuma taulo langu la kazini akalitoboa. Baadaye nikafua shati lake kwa maji baridi na chumvi, nikisugua ile damu kwa hasira, maana mzee yule anafanana na Baba kwa namna anavyosafisha koo kabla ya kusema.

Alinisimulia kwamba hakuvamiwa. Alisalimiwa. Kijana nadhifu alimwinamia pale kwenye ukumbi wa stesheni akamwamkia shikamoo, kwa lugha yetu, baada ya mzee kusafiri njia nzima bila kusikia hata neno lake moja. Akampa pole ya safari, akamuuliza habari za nyumbani na za mvua. Kisha akamwambia alete mzigo, kwamba mgongo wake yeye bado mpya na wa mzee umeshafanya kazi yake. Mzee akacheka akampa begi. Walipofika kwenye kijia cha nyuma ya vyoo akashtuka, akashika mkanda wa begi asiuachie. Wawili wengine wakamlaza chini, na yule mwenye adabu ndiye aliyemkanyaga vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka mkanda ukaachiwa. Fundi Saa aliniambia kinachomuuma si vidole. Mwizi wa kawaida angemlaani akalala. Huyu salamu yake alishaiitikia marahaba, kwa hiyo amembariki kwa mdomo wake mwenyewe, na hajui baraka inarudishwaje.

Dada, maneno hayo ya mgongo unayajua. Wewe ulikuwa jikoni unachungulia, mimi nilikuwa mlangoni. Baba anahangaika na mfuko wa saruji, mgeni aliyekuja kukuposa anautoa mgongoni kwake na kusema maneno hayohayo, sote tunacheka, na Baba anageuka kutuambia kuwa huyu ndiye.

Nilijipa moyo kwamba watu wawili wanaweza kuwa na utani mmoja. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa stesheni kwenye benchi la karibu na maduka ya magazeti, mchana kweupe. Sikukaa sana. Nilimwona anatoka upande wa choo, amevaa lile koti ulilomtumia, amenyoa vizuri. Akamwendea mwanamke wa makamo aliyekuwa anageuza karatasi ya anwani juu chini. Akainama. Kwa mbali niliona uso wa yule mama ukifunguka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akatoa begi bila hata kuombwa mara mbili, na wakaondoka wanaongea kama mama na mwanawe.

Niliwafuata. Nilipoingia kile kijia, mama alikuwa tayari yuko chini, amelikumbatia begi lake kwa mikono miwili, na Shemeji anampiga mateke ya mbavu huku anamwambia achia, mama yangu, achia tu usiumie. Kwa heshima, Dada. Alikuwa anampiga huku anamwita mama yangu. Wenzake wawili waliponiona walidhani mimi askari, wakaruka ukuta. Yeye hakukimbia, alinitambua. Pembeni palikuwa na toroli la mizigo lililovunjika. Niling'oa mpini wake wa chuma, nikampiga nao begani, akamwachia yule mama. Mama akainuka na begi lake akatoka pale anayumba, hakutazama nyuma, na sijamwona tena.

Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nataka uelewe hilo vizuri, maana wengine wakisikia watanisifu. Mama alishakwenda, wezi wenzake walishakwenda, na yeye alikuwa amepiga goti ameshika bega. Hakunitukana. Alinitazama akasema nisijifanye mtakatifu. Akaniuliza tiketi yangu ya kuja huku nadhani ilinunuliwa na nini, na viatu alivyonipa sikukuu ile vilitoka ghala gani, maana hakuna ghala, hajawahi kufanya kazi ghalani hata siku moja. Akasema mabati ya nyumba unayolala yameezekwa na wazee kama yule mama, ada za watoto zimelipwa na wazee, na hiyo nauli unayoikusanya uje ni wazee vilevile. Kisha akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba sote tumekula, ila mikono iliyochafuka ni yake peke yake.

Nilimpiga kwa sababu alisema kweli. Angesema uongo ningemtemea mate nikaondoka. Nilimpiga magoti, akalala. Nilimpiga kiuno. Aliponiomba niache aliniita kwa lile jina la utotoni ambalo ni wewe na yeye tu mnaliita, na hilo halikunizuia, liliniongezea. Nilisikia kitu ndani ya mwili wake kikikatika, sauti ndogo, kama kijiti ndani ya nguo iliyolowa, na nikapiga tena baada ya kuisikia. Mkono wangu umevimba kwa sababu hiyo. Nilipoacha sikuacha kwa huruma, niliacha kwa kuchoka.

Kisha nikambeba. Unaona upuuzi wangu? Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani nikapiga kelele za msaada.

Mumeo yuko hospitali, Dada, yu hai. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari ya miguu yake, na daktari hataji tena siku ya kusimama. Askari walipokuja nilikuwa nimesimama kando ya kitanda kama ndugu wa mgonjwa. Walimuuliza nani amemfanyia vile. Alinitazama mpaka nikahisi jasho linashuka kwenye viatu vyake nilivyovaa, halafu akawaambia ni wezi wa stesheni, hakuwaona sura. Askari wakamwandika mhanga, wakampa pole. Toka siku hiyo namwogesha, namgeuza asipate vidonda, namlisha uji kwa kijiko. Hatuongei lolote la kule. Juzi aliniomba jambo moja tu, nikuandikie kwamba alianguka kutoka kwenye jukwaa kazini. Nilimwahidi, na nimemwacha kule amelala akidhani ndiyo ninayoandika.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ukishakiona ufanye nini nacho. Fundi Saa yuko chumba cha juu ya hiki ninachofulia. Kila asubuhi ananiombea dua kwa sababu nilimfulia shati. Anasema mimi ni mtoto wa watu. Mkono wake umefungwa bendeji, na anajaribu kushika koleo dogo la kazi kwa mkono wa kushoto linamdondoka, analiokota, linamdondoka. Sijamwambia kuwa aliyemvunja ni mume wa dada yangu. Yeye anastahili kujua kabla ya askari, na wewe unastahili kujua kabla yake.

Basi ushauri wangu wa mwisho wa safari ndio huu. Usimpe begi mtu yeyote atakayekuamkia vizuri, na mimi nikiwemo. Ukitaka kuja kumwona mumeo, njoo, ni haki yako. Kama umeshakata tiketi na hutaki kuja tena, irudishe mapema, wakikata wakate. Wewe ulinilea baada ya Mama, ulinipiga nilipoiba sukari na ukalia wewe kabla yangu, kwa hiyo hukumu hii siwezi kumpa mtu mwingine. Ukiniambia niende polisi, nitakwenda siku hiyohiyo, nitamtaja yeye na nitajitaja mimi. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza, nitamwogesha mpaka mmoja wetu atangulie. Usiponijibu kabisa, nitaelewa pia.

Nisalimie wote wanaoniulizia, uwaambie kazi ipo na baridi ipo. Watoto usiwaambie haya mpaka wakue. Waambie tu baba yao anawataja usiku kwa majina, wote wawili, kwa zamu, bila kukosea. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na katika yote aliyotuambia miaka hii, ndilo ninaloweza kukuhakikishia.

Ni mimi mdogo wako, ukipenda niendelee kuwa.