Bibi Mgongoni mwa Baba

Magarama, Gitega

Mdogo wangu Imelda,

Huku tu wazima, na maharage yamestawi. Natumaini Muyinga nako mvua imewafikia.

Vijisanamu vya wakimbizi wa vita ninavyochonga kwa kompyuta, kwa maonyesho ya parokia, vinakaribia kukamilika. Kama ulivyoniomba, nilimchonga Bibi akibebwa na Baba mgongoni kwenda mpakani Kobero. Waliokiona kijisanamu hicho wamemsifu sana Baba.

Imelda, wewe ulikuwa mchanga. Bibi hakufia njiani kama tulivyokuambia. Tulimwacha nyumbani. Alisema, “Nendeni, nitawafuata,” nami nilijua miguu yake haiwezi, nikanyamaza.

Jana nilimshusha mgongoni, nikamketisha mlangoni peke yake. Uso wake umenishinda kuchonga.

Ukija kuviona, usimwulize Baba. Niulize mimi.

Kaka yako,
Nazario